Mliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, tupeane uzoefu wa kula

Kijiko cha Chai (mwanzisha mada)
Wadau salaam. Nina wiki ya saba tangu nikatwe tumbo, ile aina ya kuondoa sehemu kubwa, linabaki jembamba kama ndizi. Sijaja kuuliza kama nilikosea, hilo limeshapita. Nataka tuongelee sahani.

Hospitali walinipa karatasi: mwanzo vya majimaji, wiki ya tatu vya kusagwa, wiki ya tano vilaini. Karatasi nzuri tu. Ila haikusema kwamba njaa sitaisikia na kitakachonitesa ni mkono. Juzi nimekula yai moja la kuvuruga, nimeshiba kabisa, mkono ukarudi wenyewe kuchota kijiko kilichobaki. Si chakula hakitupwi! Hazikupita dakika mbili kifua kikabana kama nimemeza jiwe, mate yakajaa mdomoni, nikaanza kutema povu zito jeupe. Nusu saa nimeinamia sinki. Kijiko kimoja cha chai! Wenzangu mliwezaje?

Mama Watatu
Pole mwaya, povu hilo tunalijua wote. Mimi ni baipasi, ile ya kufanya tumbo dogo na kuliunganisha na utumbo mbele zaidi, mwaka wa nne huu. Dawa yake ni kupakua kidogo tangu mwanzo, maana ukishaweka sahanini utakula tu. Nilianza na kijiko cha mtoto, nikawa nakiweka chini kila nikitafuna.

Kingine, usipike kila siku. Mimi Jumapili nilikuwa nachemsha kuku, namsaga na supu yake, namimina kwenye trei la barafu. Kwenye trei langu kila kitundu kinaingia vijiko viwili vya mezani. Asubuhi natoa viwili, mchana viwili. Siku umechoka hufikirii, unatoa tu na kupasha. (Samaki usimgandishe hivyo, nilijaribu, jikoni hapakukalika.)

Mzee wa Zamu
Maji! Mimi nilizoea tonge moja, funda moja. Sasa nikimaliza kula nasubiri nusu saa ndipo ninywe, simu inalia kunikumbusha. Nikajisahau kwa kuogopa kunywa, siku ya kumi nikarudishwa hospitali kuwekewa dripu, mkojo rangi ya chai. Tembea na chupa, nyonya kidogo kidogo kutwa nzima, ufikishe lita moja na nusu.

Sina Haraka
Mbona mimi wiki ya tatu nilikula nyama na sikufa?

Mama Watatu
@Sina Haraka hongera kwa kutokufa. Mshono wa ndani huuoni, usiwafundishe wengine.

Bi Mdogo
Baipasi hapa, miezi mitano. Mliokatwa kama mimi muogopeni sukari ya kunywa. Glasi ya juisi tu: jasho, moyo mbio, tumbo likakata, nikalala sakafuni bafuni. Sasa naanza na protini, mkate ukikosa nafasi basi. Lengo nililopewa ni gramu 60 kwa siku na yai moja lina kama 6, pigeni hesabu wenyewe. Mtindi usio na sukari na unga wa protini ndivyo vinanivusha.

Nywele zilianza kunidondoka mwezi wa nne, nikalia. Daktari akasema ni kawaida, zitarudi, ila akanikuta naruka vidonge. Kumbe vitamini ni za maisha, na cha chuma hakimezwi pamoja na cha kalsiamu, unaviachanisha saa mbili.

Mzee wa Zamu
Mwanzisha mada, ukitapika mfululizo, hata maji hayakai, usije kuuliza huku. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kijiko cha Chai
Nimewasoma wote, asanteni. Trei nimepata. Leo nimepakua vijiko vitatu vya samaki laini, nimekula viwili, nikasikia ile kwikwi ndogo inayotangulia. Cha tatu nimekifunika. Bado kiko mezani, naandika huku nakitazama.