Kisanduku cha msituni kimenishinda, nyie mnakipataje?

MamaPacha_CT:
Habari zenu wapendwa. Kuna mtu humu anacheza ule mchezo wa kutafuta visanduku vilivyofichwa msituni? Tuko Connecticut, ndani ya kisanduku kuna muhuri na daftari, unagonga muhuri wao kwenye daftari lako na wa kwako kwenye lao, basi, hakuna pesa wala zawadi. Jumamosi nikawabeba pacha wangu tukaenda kutafuta kimoja pembeni ya njia ya waangalia ndege. Kidokezo kinasema simama kwenye jabali lililopasuka, elekea nyuzi 140, hatua 60, mti wenye mashina matatu, angalia nyuma. Jabali nimeliona, hatua nimehesabu, nikaishia kwenye tope!! Masaa mawili tunazunguka palepale na wale wenye darubini wananiangalia kama nimedondosha hereni. Dira nimetumia ya simu. Nakosea wapi jamani?

sindano_kaskazini:
Dada simu ndo imekupoteza. Sindano ya dira haielekei kaskazini ya ramani, inafuata sumaku, na huko uliko zinapishana kama nyuzi 13 hivi upande wa magharibi. Wafichaji wengi wanapima kwa dira ya sindano, sasa simu yako ikiwa imesetiwa kaskazini halisi, yaani ile ya ramani, 140 yako na 140 yao ni njia mbili tofauti. Hatua 60 tuseme mita 45, umeshatoka nje mita 10, na mita 10 za msituni ni mtaa wa pili kabisa. Ingia setingi, zima kaskazini halisi, rudi kwenye jabali. Kitakuwa kushoto kwa pale ulipoishia.

Mpemba_wa_Devon:
Aliyosema huyo ni kweli ila na hatua nazo zina maneno. Wengine wanahesabu kila mguu ukigusa chini, wengine mguu wa kulia tu, kwa hiyo 60 yao inaweza kuwa 120 yako, na kama aliyeficha ni mrefu wa futi sita ndo kabisaa. Mchezo wenyewe umeanzia huku kwetu Uingereza, kwenye nyika ya Dartmoor, mwaka 1854 kulikuwa na mwongoza wageni anaitwa James Perrott, aliweka chupa pale Cranmere Pool ili anayefika aache kadi yake. Maana kufika ilikuwa kazi. Hata leo ukungu ukishuka na dira huijui imekula kwako.

jicho_la_ndege:
Samahani naingilia, mi ni mtu wa ndege. Kama ni mwezi wa 5 au wa 6 tafadhali msifukuefukue majani makavu na wala msitie mkono kwenye mashimo ya miti. Kuna ndege huko anaitwa ovenbird anataga chini kabisa, kiota chake kimeezekwa juu kama tanuri dogo, mlango uko ubavuni, yaani hukioni mpaka umekikanyaga. Utamsikia tu, ticha-ticha-TICHA, anapandisha sauti kila akirudia. Halafu kagueni kupe, ule ugonjwa wa Lyme umepewa jina la mji wa hukohuko Connecticut. Na mmea wa majani matatumatatu usiushike, upupu wa kwetu una nafuu.

kijana_watamu:
Sisi tunawasoma tu 😂 huku msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, ukificha kisanduku nyani atagonga muhuri kabla yako. Yule bundi mdogo wa Sokoke mwenyewe bila mwongozaji humuoni, seuze kisanduku.

MamaPacha_CT:
MREJESHO. Kweli bwana simu ilikuwa kwenye kaskazini halisi!! Jumapili tumerudi nimeshazima, hatua nikahesabu kila mguu, nikafika mahali mti wa mashina matatu hakuna, wa mawili upo. Nikataka kulia. Kumbe la tatu limeanguka na kisanduku kiko palepale nyuma kimefunikwa na gamba la mti. Pacha walikuwa wamechonga muhuri wao kwenye raba ya kufutia, twiga, umetoka kama mbuzi lakini tumegonga hivyohivyo. Na yule ndege tumemsikia, mdogo akauliza anamuita mwalimu gani Jumapili yote hii. @jicho_la_ndege majani hatujagusa. Kupe tumewatoa wawili, wote kwenye soksi zangu.

Mpemba_wa_Devon:
Hongera. Sasa mwandikie aliyeficha abadilishe kidokezo, mashina mawili.