Kupima udongo na maji eneo lililokuwa hospitali, tuanzie wapi?

MamaBustani

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo kwa anayejua haya mambo. Kikundi chetu kimepewa nafasi ya kutumia eneo lililokuwa hospitali, ilishafungwa zamani sana, majengo mengine yamebomolewa mengine yamebaki magofu. Tunataka sehemu kubwa iwe bustani ya mboga na pembeni tuweke chekechea. Kuna kisima kirefu cha enzi hizo bado kinatoa maji, na maji yenyewe ukiyaangalia masafi kabisa, hayana harufu. Wenzangu wanasema tupeleke maabara chupa moja ya maji na kopo moja la udongo, yakitoka salama tunaanza kulima. Mimi moyo unasita, maana nyuma ya lililokuwa jengo la boila (mtambo wa kuchemshia maji na kutoa mvuke) kuna kipande cha ardhi nyasi hazioti kabisa hata mvua inyeshe vipi, na pale kwenye tanuru la kuchomea taka udongo ni mweusi, ukichimbua kidogo unakutana na vichupa vya dawa vilivyoyeyuka vikagandana. Tupime nini na tupime wapi? Au nawachelewesha wenzangu bure?

Sampuli_na_Udongo

Huwacheleweshi bure dada, umeona vitu viwili vya maana kabla hata hamjalipa senti maabara. Nafanya kazi ya kuchukua sampuli na jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba maabara inakujibu ulichoiuliza tu. Ukisema "nipimieni maji" watakupimia pH (ukali wa asidi), chumvichumvi na vijidudu, utapewa karatasi imeandikwa yanafaa, na kama humo kuna dizeli iliyoyeyuka hakuna atakayeiona kwa sababu haimo kwenye orodha ya vipimo ulivyoomba. Ndo maana kazi ya kwanza ni historia ya eneo. Tafuteni ramani za zamani, picha za angani kama zipo, na zaidi ya yote tafuteni watu waliofanya kazi pale, hasa mafundi, watu wa usafi na walinzi, maana madaktari wengi hawajui taka zilikuwa zinamwagwa wapi.

Halafu kila jengo lina maswali yake. Tanuru la taka linaacha majivu yenye metali za sumu kama risasi (ledi) na kadimiamu, wakati mwingine zebaki, pamoja na dioksini, sumu inayotokea taka zikiungua, na majivu yenyewe huwa yanafukiwa hapohapo jirani. Boila ina matangi ya mafuta, mara nyingi yamezikwa, yanaliwa na kutu na kuvuja taratibu miaka na miaka. Mabomba ya mvuke yalikuwa yanavikwa asbesto, madini ya nyuzinyuzi yanayodhuru mapafu, kwa hiyo magofu yaliyobomolewa kiholela yanaweza kuwa yamemwaga nyuzi zake juu ya udongo. Transfoma za zamani zilikuwa na mafuta yenye PCB, kemikali za sumu zisizooza, hizi ni kati ya za mwanzo kabisa kuwekwa kwenye Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 wa kudhibiti sumu za aina hiyo. Kuzunguka msingi wa majengo pia pimeni dawa za mchwa, dieldrini na klodani zilimwagwa sana zamani na zinakaa ardhini miongo mingi. Na kuta zenye rangi inayobanduka, ule udongo wa chini ya ukuta ndo wa kwanza kupimwa risasi, hasa kama chekechea itakuwa karibu.

Jengo la kufulia mmelikuta? Kama walikuwa wanasafisha nguo kwa kemikali badala ya maji na sabuni, hiyo kemikali ni nzito kuliko maji, inazama hadi chini kabisa, na kisima kirefu hakiwi kinga.

Kaka_Shamba

Jamani msimtishe mama wa watu. Maji ya kisima kirefu yameshachujwa na ardhi, wachemshe tu wanywe, na udongo wakiweka samadi ya kutosha utajirekebisha. Watu wamelima sehemu mbaya kuliko hiyo na wapo.

Sampuli_na_Udongo

Kaka_Shamba hapo sikubaliani na wewe kabisa. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini risasi, aseniki na naitreti haviendi popote, maji yanapungua vyenyewe vinabaki, kwa hiyo vinazidi kukolea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni risasi isizidi mikrogramu 10 kwa lita, aseniki vilevile 10, benzini (kemikali ya sumu iliyomo kwenye mafuta ya petroli) 10, naitreti miligramu 50 kwa lita, na E. coli (kijidudu cha kinyesi) isionekane kabisa kwenye mililita 100. Viwango vidogo hivyo macho na ulimi haviwezi kukuambia kitu. Na hapa tunaongelea chekechea. Mtoto mdogo anaweza kufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, na kazi yake kutwa ni kushika mchanga na kutia mikono mdomoni, na hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ambacho kinajulikana kuwa salama. Marekani kwa miaka mingi walitumia miligramu 400 za risasi kwa kilo moja ya udongo kama kipimo cha kuanza kuchunguza makazi, mwaka 2024 wakashusha hadi 200.

Samadi ni nzuri na kweli inasaidia kushika baadhi ya metali zisipande kwenye mmea, ila haiondoi kitu, na mboga za majani zinachafuka zaidi kwa vumbi na tope linaloziganda.

Nuru_Maabara

Naongezea upande wa sampuli zenyewe maana hapa ndo pesa nyingi zinapotea, watu wanaleta udongo kwenye mfuko wa rambo halafu wanataka tuwaambie kama kuna mafuta. Gaweni eneo vipande kulingana na matumizi ya zamani. Kwa metali mnaweza kuchota sehemu kadhaa ndani ya kipande kimoja mkachanganya, lakini msichanganye udongo wa tanuru na wa sehemu safi, mtakuwa mmezimua uchafu wenyewe. Pa kuchezea watoto chukueni udongo wa juu juu, pa mboga mshuke hadi mizizi inapofika. Kwa mafuta na kemikali zinazopaa usichanganye wala usikoroge, weka kwenye chupa ya kioo, jaza hadi juu isibaki hewa, iweke kwenye ubaridi ifike haraka. Maji ya kupima vijidudu chupa iwe imetakaswa na yafike maabara ndani ya saa 24. Na msisahau sampuli ya nje ya eneo, pasipoguswa na hospitali, kwa sababu aseniki kwa mfano inaweza kuwa ya asili kwenye miamba, bila hiyo mtalaumu hospitali kwa kitu kilichokuwepo kabla yake.

MamaBustani

Asanteni sana jamani. Nimempata mzee aliyekuwa fundi wa boila, bado ana kumbukumbu nzuri. Anasema matangi yalikuwa mawili, la juu liliondolewa, la pili lipo ardhini mpaka leo na lilikuwa linapungua mafuta hata boila ikiwa imezimwa, waliripoti wakaambiwa waendelee kujaza. Ameninyooshea kidole na ni palepale nyasi hazioti. Kisima kipo chini ya mteremko kutoka hapo.

Sampuli_na_Udongo

Huyo mzee muandike kila anachosema, na aje siku ya kuchukua sampuli awaonyeshe mabomba yalipita wapi maana viungio vya bomba vinavuja kama tangi lenyewe.

Kuanzia leo kisima kisitumike, si kunywa si kumwagilia. Msichimbe hilo tangi wenyewe wala msilifungue, mvuke uliobaki unaweza kulipuka, hiyo ni kazi ya watu wenye vifaa. Maabara waombeni kwa jina haidrokaboni za petroli (kemikali zinazounda mafuta), benzini na wenzake, kwenye maji ya kisima na kwenye udongo uliochimbwa kwa kina kati ya tangi na kisima, maana mteremko wa juu haukuhakikishii kwamba maji ya chini yanaelekea hukohuko. Chekechea ihamishieni kwenye ramani upande wa mbali na boila na tanuru, halafu huo upande nao upimwe risasi na asbesto kabla mtoto hajakanyaga. Wenzako waonyeshe huu uzi kabla hawajapeleka lile kopo moja.

Nuru_Maabara

Na kila chupa iandikwe sehemu, kina, tarehe, saa na jina la aliyechukua, palepale shambani, kwa kalamu isiyofutika. Majibu yakitoka yalete hapa tuyasome pamoja, ila usikubali karatasi isiyoonyesha kiwango cha chini kabisa ambacho mashine yao inaweza kuona. "Haikuonekana" bila hiyo namba haikusaidii chochote.