Naomba ushauri: mtambo gani wa RO kwa akwariamu ya lita 60, maji ya kisima yana chumvi

Ngarawa60
Wakuu, habari zenu. Naomba mwongozo kabla sijatoa hela. Akwariamu yangu ina lita 60 za maji, ndani wamo samaki aina ya gapi saba, na nataka kuongeza neoni kumi. Niko Kigamboni, bomba la DAWASA halijafika mtaa wetu, kwa hiyo natumia maji ya kisima. Yanapandishwa kwenye simtank juu ya mnara, mita 6 hivi kutoka lilipo bomba la jikoni. Vipimo: TDS (jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka) miligramu 1,150 kwa lita, GH (ugumu wa maji) digrii 22, KH (uwezo wa maji kuzuia asidi) digrii 14, pH 7.8. Nabadilisha lita 15 kila wiki.

Dukani nimeonyeshwa mitambo mitatu ya RO, ile inayotoa chumvi kwa kusukuma maji kwenye utando mwembamba (membreni): wa kunywa wa hatua saba wenye tangi lake la presha, mdogo wa hatua tatu wa GPD 50 (galoni 50 za maji safi kwa siku) usio na pampu, na mwingine kama huo wa GPD 100. Muuzaji anasema wa hatua saba ndio unaotoa maji safi zaidi. Jamaa mwingine ananiambia taa ya UV peke yake inatosha. Nichukue upi?

Fundi Oringi
Ahsante kwa kuleta vipimo, ndugu. Wengi huuliza bila hata kimoja.

UV iweke pembeni. UV inaua vijidudu, haiondoi hata miligramu moja ya chumvi. Maji yakiingia na TDS 1,150 yatatoka na 1,150. Kuchemsha nako hakusaidii, maana mvuke unaondoka na chumvi inabaki. Kwa kisima chako ni RO.

Lakini mtambo usio na pampu usiubebe, uwe GPD 50 au 100. Piga hesabu: kila mita 10 za kimo cha maji ni takriban bar 1. Mnara wa mita 6 unakupa bar 0.6. Maji yenye TDS 1,150 yana msukumo wake wa osmosisi unaovuta kurudi nyuma, kama psi 1 kwa kila miligramu 100 kwa lita, yaani psi 11 na ushee, sawa na bar 0.8. Presha yako ni ndogo kuliko msukumo huo. Utafunga kila kitu vizuri, maji machafu (yale ya kutupa yanayobeba chumvi) yatamiminika, na upande wa maji safi hutapata kitu. Mtu akipigwa na hali hii huona ameuziwa membreni mbovu, kumbe membreni ni nzima.

Namba za GPD zilizoandikwa kwenye membreni zinapimwa kwa maji ya nyuzi 25 na presha ya bar 4 hivi. Chini ya bar 2.8 uchujaji nao unaharibika: maji yanapungua na TDS ya yale machache yanayotoka inapanda.

Maji Tuli
Naongezea kuhusu huo wa hatua saba. Kinachoondoa chumvi ni hatua moja tu, membreni. Zinazotangulia, chujio la tope na kaboni, kazi yake ni kuilinda membreni. Zinazofuata kwenye mitambo ya kunywa huwa kaboni ndogo ya ladha na katriji za madini au za kupandisha pH. Wewe unatoa madini, hizo zinayarudisha kwa kiasi usichokipanga. Kwa samaki ni hasara.

Tatizo la pili ni tangi la presha. Kadiri linavyojaa linasukuma kinyume na membreni, na chumvi inayopenya inaongezeka. Tena mtambo unawaka na kuzima kila mtu anapochota kikombe kimoja. Membreni ikikaa bila kazi, chumvi hujipenyeza kidogo kidogo kuja upande safi, hivyo maji ya mwanzo kila unapowasha yana TDS ya juu. Ukiwasha mara kumi kwa siku, maji hayo mabaya yanaingia tangini mara kumi.

Mwenye akwariamu ndogo anahitaji kinyume chake: washa mara moja kwa wiki, mwaga lita 2 za kwanza, kinga unachohitaji, zima.

Na ukubwa usikusumbue. GPD 50 ni lita 189 kwa siku, mililita 131 kwa dakika. Dumu la lita 20 linajaa kwa saa mbili na nusu. Kwa matumizi yako ya lita 20 kwa wiki, GPD 100 ni kulipia kasi usiyoihitaji. Hiyo hela nunua pampu.

Ngarawa60
Nimewaelewa wakuu. Basi nachukua wa hatua tatu wa GPD 50 na pampu. Pampu ya aina gani, na inakaa wapi? Nimesikia pia maji ya kutupa ni mengi sana. Naweza kubana ile njia ya maji machafu ili nisipoteze?

Fundi Oringi
Pampu ya diaframu ya volti 24 yenye transfoma yake, saizi inayolingana na membreni yako. Inakaa baada ya chujio la tope na kaboni, kabla ya membreni. Ongeza geji ya presha kati ya pampu na membreni. Bila geji unabahatisha. Lenga bar 4 hadi 5. Baadhi ya pampu zina swichi inayozima presha ya kuingia ikiwa ndogo. Kwa mnara wa mita 6, chujio la tope likianza kuziba tu swichi hiyo itakata, na utadhani pampu imekufa. Anza kwa kubadilisha chujio.

Maji machafu usiyabane. GH 22 ni kama miligramu 390 za ugumu kwa lita, na membreni nyingi za nyumbani zinataka usizidi 170 hivi. Maji machafu ndiyo yanayobeba hiyo chokaa kwenda nje. Ukibana, chokaa inaganda juu ya membreni na ndani ya miezi michache imekwisha. Kaa kwenye lita 4 chafu kwa 1 safi. Kwa GPD 50 kidhibiti cha njia ya maji machafu kiwe cha mililita 500 hivi kwa dakika. Usiamini karatasi: kinga maji machafu kwenye jagi kwa dakika moja, kinga na safi kwa dakika moja, linganisha. Yale machafu osheia sakafu au mwagia chooni. Kwenye bustani hapana, sasa yana chumvi zaidi ya kisima chenyewe.

Kufunga. Mpira wa robo inchi ukate kwa wembe, ukate mraba, usiende mshazari, kisha usukume hadi uhisi umepita oringi (pete ya mpira ya ndani) na kugota. Mkato wa mshazari ndio chanzo cha matone mengi. Tepu ya tefloni ni ya nyuzi za skrubu tu. Membreni inaingia na ule mwisho wenye bomba dogo na vioringi viwili ukitangulia. Vipake silikoni ya chakula au vilowanishe kwa maji, usitumie mafuta ya kula wala grisi ya gari. Isukume hadi isikike imekaa. Kioringi kimoja kikijikunja, maji ya kisima yanapita kando na kuingia moja kwa moja kwenye maji safi. Utakiona kwenye kipimo cha TDS: ulitarajia 25 hadi 60, unapata 300. Hapo usirudi dukani kugombana, fungua uangalie oringi kwanza.

Membreni mpya ina dawa ya kuihifadhi. Endesha saa nne za kwanza ukimwaga yote. Baada ya hapo isikae wiki mbili bila kuendeshwa, na isikauke kabisa.

Mama Gapi
Swali moja muhimu, kaka: huwa mnatia dawa ya klorini kwenye simtank? Kama mnatia, kaboni yako lazima iwe nzima, kwa sababu klorini inaila membreni na uharibifu huo haurudi. Chukua kipimo cha matone kile cha mabwawa ya kuogelea, pima maji yanayotoka baada ya kaboni. Yakigeuka njano, badilisha kaboni siku hiyo hiyo. Kama hamtii, bado badilisha kila miezi sita, maana kaboni ya zamani inageuka makazi ya bakteria.

Na kabla hujanunua chochote, tembea na kipimo chako cha TDS hadi kwa anayeuza maji ya kunywa ya dumu. Wewe unahitaji dumu moja kwa wiki. Maji yakiwa chini ya 60 mara kwa mara, huenda huhitaji mtambo kabisa. Vilevile kama una ndugu mwenye maji ya bomba yanayotoka mto Ruvu, pima. Yakiwa chini ya 250, ondoa klorini tu na utumie.

Saba Baharini
Mimi nashauri aongeze hatua ya rezini ya DI (chembe zinazonasa chumvi iliyobaki) ashushe TDS hadi sifuri, halafu arudishe madini kwa kipimo. Kwa lita 15 ni gramu 1.2 za kalsiamu kloraidi yenye maji na gramu 0.7 za chumvi ya Epsom, utapata GH 4. Magadi ya kuokea (baking soda) gramu 1.35 yanakupa KH 3. Mizani iwe ya kusoma hadi 0.01, kama ya masonara.

Maji Tuli
Hesabu zako ni sahihi mkuu, na kwa kamba wale wadogo au matumbawe ningekuunga mkono. Kwa gapi na neoni ni kazi bure, tena rezini inaisha haraka. Madini anayo tayari, yako kisimani.

Tuseme RO inampa TDS 40. Achanganye lita 11 za RO na lita 4 za kisima. Inatoka TDS 336, GH 5.9, KH 3.7. Hakuna kupima unga. Akitaka laini zaidi, lita 13 kwa 2: TDS 188, GH 2.9, KH 1.9. Hiyo ya pili neoni wataipenda, lakini gapi wanataka ugumu, na KH ikiwa chini ya 2 pH inaweza kuporomoka bila onyo. Kwa kuwa anawaweka pamoja, nabaki na 11 kwa 4. Sharti ni moja: apime nitrati ya kisima kwanza, hasa kama kuna shimo la choo karibu. RO yenyewe haiondoi nitrati vizuri kama inavyoondoa chumvi nyingine.

Kosa ambalo asije akalifanya ni kumimina maji ya RO matupu. Hayana KH, bakteria wa chujio wanatengeneza asidi kila siku, na hakuna cha kuizuia.

Ngarawa60
Mungu awabariki. Kisima kimetoka nitrati 20. Simtank hatutii klorini. Sasa gapi wangu wamezoea 1,150, nawahamishaje? Na maji yanapopungua kwa joto najazia mchanganyiko huo huo?

Mama Gapi
Kujazia, hapana. Maji yanapokauka chumvi inabaki tangini. Jazia RO tupu hadi kwenye alama. Mchanganyiko ni wa kubadilishia tu.

Kuhamisha, usifanye siku moja. Tangi lako huenda liko 1,200 sasa. Endelea na lita zako 15 kwa wiki, ukiingiza polepole kwa mpira wa pampu ya hewa. Wiki ya kwanza litashuka hadi 985 hivi, ya pili 820, ya nne 610, ya nane 420. Neoni wanunue baada ya wiki ya nane, sio kabla.

Na TDS ikigoma kushuka, au ikishuka ukaona GH na KH zinapanda tena katikati ya wiki, angalia mchanga. Mchanga wa pwani umejaa vipande vya kombe na matumbawe, navyo ni chokaa. Chota kijiko kimoja, kikaushe, kamulia ndimu au mwagia siki. Ukisikia unachemka na kutoa povu, utoe wote, weka mchanga wa mto uliooshwa.