Miche ya stroberi: wauzaji wa barabarani wapigwe marufuku?

Mkulima wa Kabale: Msimu uliopita nilinunua miche 400 barabarani. Ilishika vizuri, kisha majani yakajikunja, matunda yakatoka madogo kama maharage. Miche hii tunaikata kwenye matawi yanayotambaa ya mche mama. Mama akiwa na virusi, watoto wote wanavyo. Sheria ya mbegu na mimea ipo tangu 2006. Asiye na kitalu kilichokaguliwa asiuze!

Bibi Bustani, Wakiso: Na mjane mwenye miche mia moja atakula nini? Ninyi wa Kabale mmezoea viazi. Mnafukia mche mpaka moyoni, pale majani yanapochipukia, kama mbegu ya kiazi, ukioza mnamlaumu muuzaji.

Damu ya Kigezi: Dada, viazi vimekukosea nini? Chipsi za Kampala zinatoka wapi? Viazi ndivyo vilivyotufundisha: mnyauko wa bakteria husafiri ndani ya mbegu, ndiyo maana kituo cha utafiti wa kilimo cha Kachwekano, hapa Kabale, wanazalisha mbegu safi. Na huku kwetu Kigezi, milima ya Kabale, karibu mita 2,000 juu ya bahari, usiku wa baridi ndio unaolipa tunda utamu. Huko kwenu ni joto tu.

Bibi Bustani, Wakiso: Mimi si dada yako, nina wajukuu. Viazi sijavitukana, nimesema kina cha kupanda. Utamu gani? Stroberi ikishachumwa haiongezi utamu. Ninyi mnachuma ikiwa bado nyeupe upande wa kikonyo ili ihimili kilomita 400 hadi Kampala. Mimi nachuma iliyoiva, inauzwa siku hiyo hiyo.

Dereva wa Mbarara: Hilo nimeliona kwa macho. Zikipakiwa na maji, ukungu wa kijivu unazivaa njiani. Ngojeni umande ukauke ndipo mchume, jamani.

Mkulima wa Kabale: Niliuliza miche, tumefika sokoni. Mama, mwenzangu amekosa adabu, samahani. Lakini moyo wa mche sikuufukia. Hata maua ya kwanza niliyakata ili mizizi ipate nguvu. Mjane umemtaja, na mimi karo ya watoto inatoka shamba hilo hilo.

Bibi Bustani, Wakiso: Pole, mwanangu. Ulitazama chini ya majani? Utitiri nao huyakunja.

Mkulima wa Kabale: Nilitazama kwa lenzi. Hakuna kitu.

Bibi Bustani, Wakiso: Basi ng'oa yote uchome, na usimgawie jirani hata tawi moja. Marufuku bado naikataa.