Vyapam: Waliuza viti vya udaktari India, dagaa wakafungwa. Waliodhulumiwa wanamdai nani?

Wakuu, kila tukitaja ufisadi wa India watu wanakimbilia Bofors (ununuzi wa silaha), 2G (leseni za simu) na Nirav Modi (mikopo ya benki). Fedha nyingi, sawa. Mimi linalonichoma mpaka leo ni Vyapam, na nashangaa halizungumzwi wakati kila mtaa wetu una mtu aliyewahi kupeleka mgonjwa India.

Vyapam ilikuwa bodi ya mitihani ya jimbo la Madhya Pradesh, makao yake Bhopal. Ndiyo iliyowapima wanaotaka kusomea udaktari, pamoja na waombaji wa uaskari, ualimu na kazi nyingine za serikali. Mtoto wa mkulima asiye na mjomba ofisini hakuwa na njia nyingine zaidi ya huo mtihani. Wakaupiga bei.

Na walijipanga! Namba za watahiniwa zilichezewa kwenye kompyuta za bodi, kijana mwenye akili aliyelipwa akae katikati, wateja wakae karibu naye wakopi. Wenyewe waliita mtindo huo "injini na mabehewa". Wengine walituma mamluki wa kuwafanyia mtihani, na picha zilizochakachuliwa. Wengine walikabidhi karatasi nyeupe, hawakuweka kivuli kwenye jibu hata moja, halafu majibu yakajazwa baadaye. Huyo ndiye anakwenda kufundishwa kupasua watu.

Julai 2013 polisi wa Indore walinasa mamluki hotelini, mambo yakafumuka. Alikamatwa mkuu wa mitihani, Pankaj Trivedi, akakamatwa mtaalamu wa kompyuta wa bodi, na mwaka uliofuata aliyekuwa waziri wa elimu wa jimbo hilo, Laxmikant Sharma, ambaye baadaye alitoka kwa dhamana. Kwa jumla waliokamatwa walizidi 2,000.

Sasa angalia walivyomtendea aliyefichua. Ashish Chaturvedi, kijana wa Gwalior, alitishiwa maisha, akapewa askari wa kumlinda. Ashish usafiri wake ulikuwa baiskeli. Basi askari alikuwa anapanda nyuma, wanakatiza mjini hivyo hivyo! Huo ndio ulinzi wa shahidi katika kesi inayogusa mawaziri?

Watu walikuwa wanakufa, jamani. Tarehe 4 Julai 2015 mwandishi wa habari Akshay Singh alifariki baada ya kuanguka nyumbani kwa wazazi wa binti mmoja mwanafunzi wa udaktari, ambaye maiti yake iliokotwa kando ya reli mwaka 2012. Wataalamu walisema ni moyo. Kesho yake mkuu wa chuo cha udaktari cha Jabalpur, Arun Sharma, akakutwa amekufa hotelini Delhi. Ndipo Mahakama ya Juu ya India ikaikabidhi kesi kwa CBI, wapelelezi wa serikali kuu. Mpaka watu wafe wangapi?

Novemba 2019 mahakama iliwafunga watu 31 kwa mtihani wa askari wa 2013: 30 miaka 7, mmoja miaka 10. Ni watahiniwa, mamluki na madalali. Vigogo mko wapi? Bodi yenyewe ikabadilishwa jina, eti ndiyo kusafisha. Mwaka 2024 mtihani wa taifa wa udaktari, NEET, wenye watahiniwa zaidi ya milioni 2, ukaibwa Hazaribagh na kufika mikononi mwa wateja Patna. Hawajajifunza kitu.

Lakini hasira yangu kubwa iko hapa. Februari 2017 Mahakama ya Juu ilifuta udahili wa wanafunzi 634 walioingia kwa wizi kati ya 2008 na 2012. Safi kabisa. Na wale ambao nafasi hizo zilikuwa haki yao? Waliokesha na vitabu, wazazi wakauza shamba kulipia tuisheni, wakaambiwa hawakufika alama? Nafasi ya 2008 huwezi kumrudishia mtu 2017. Ameshaoa, anauza duka la mtu, kitabu cha baiolojia alishakigawa.

Wanasheria wa humu nijibuni: mtu kama huyo anamfungulia nani kesi, na anadai nini?