Kibofu: uvimbe unaoshukia ndani, ni pTa (haujavamia) au pT1 (umevamia tishu iliyo chini ya utando)?

Slaidi_Kisumu
Habari zenu wakuu. Nina vipande vya TURBT (uvimbe wa kibofu uliokwanguliwa kupitia njia ya mkojo). Juu kuna uvimbe wa papila (wenye umbo la vidole vidogo), daraja la chini. Chini yake mikanda minene na viota vimeshuka hadi lamina propria (tishu iliyo chini ya utando). Seli ni pole, mitosisi chache. Detrusa (msuli mkuu wa ukuta wa kibofu) sijaiona. Niandike pT1, au ni viota vya von Brunn tu (viota vya utando visivyo saratani)?

Patho_Nakuru
Daktari, kushuka si kuvamia. Fuata ukingo wa kila kiota. Ukiwa laini, wa mviringo, na tishu ya pembeni imetulia, hiyo ni papila inayokua kwa ndani: inabaki pTa. Palipovamiwa utaona viota vilivyochongoka, vya ukubwa usiolingana, au seli mojamoja zilizojitenga. Saitoplazimu nayo huongezeka na kuwa ya waridi kuliko ya seli za juu. Ishara hii wengi huipita.
Mikanda ikiwa myembamba, upana mmoja, seli za pembeni zimejipanga wima kama uzio na juu ni laini bila papila, fikiria papiloma iliyopinduka (uvimbe usio saratani). Wewe una papila juu, kwa hiyo sidhani.

Mzee_wa_Hadubini
Naongeza moja, maana upole wa seli ndio unaoponza watu. Kuna saratani ya viota vidogo ambayo usoni hufanana kabisa na von Brunn. Tazama kitako chake. Von Brunn huishia kina kimoja, kama mstari, na viota vimeachana kwa mpango. Saratani hubanana ovyo na kitako chake ni cha meno meno, kinazama. Hiyo huhesabiwa daraja la juu hata sura ikiwa pole. Vipande vikiwa vya juujuu, kitako hukioni, hapo usiape.

Slaidi_Kisumu
Asante sana. Kuna nyuzi za msuli karibu na mishipa ya damu, viota vimezigusa. Nipake desmini (rangi ya kutambua msuli)?

Patho_Nakuru
Desmini hupaka misuli yote miwili, muscularis mucosae (msuli mwembamba wa ndani ya lamina propria) na detrusa, haitakusaidia. Nyuzi nyembamba zilizotawanyika kandokando ya mishipa mikubwa ni muscularis mucosae. Kuzigusa si pT2 (uvamizi wa detrusa). Detrusa ni mafungu mazito. Mafuta pia yapo lamina propria, yasikutishe. Ukitafuta seli mojamoja, paka AE1/AE3 (rangi ya keratini, huonyesha seli za utando).

Fundi_Histo
Kabla ya rangi, rudi kwenye bloku. Kipande kikilazwa ubapa kwenye nta, viota hukatwa kwa mshazari na huelea kama vimevamia. Kiyeyushe, ukisimamishe kwa ubavu, kisha kata ngazi tatu. Pembe zilizoungua kwa umeme wa TUR usizisome. Formalini ni 10%, mara kumi ya ujazo wa vipande.

Mzee_wa_Hadubini
Na ripoti iseme wazi: "detrusa haimo." Ukithibitisha pT1, daktari wa mkojo atakwangua tena, kwa kawaida baada ya wiki 2 hadi 6.