Msaada: Nataka kuweka injini ya Toyota kwenye Peugeot 404 ya 1967, nipo Dodoma

Mzawa wa Nkuhungu: Mbukwenyi wakuu. Nina Peugeot 404 ya mwaka 1967, gia za kwenye usukani, bodi nzima kabisa kwa sababu ukame wa huku hauli bati. Shida ni injini. Inachemsha, na oili imegeuka rangi kama chai ya maziwa. Kuna jamaa watatu hapa mtaani, wapenzi wa magari ya zamani, tunashinda nalo kila Jumamosi na Jumapili na hawanidai hata senti. Wamenishauri niweke 4Y, injini ya Toyota Hiace. Swali langu: gia boksi ya Toyota itakubali kuungana na propela ya 404, yaani ile shafti ya kuzungusha magurudumu ya nyuma? Nisaidieni upesi, silali.

Mzabibu: Uza, nunua Toyota IST. Halafu picha iko wapi?

Fundi wa Kizota: Mdogo wangu, usikimbilie kutoa injini. Slivu za 404, yaani silinda ambamo pistoni zinapanda na kushuka, zinachomoka. Maji yanazizunguka, na kwa chini zimezibwa kwa sili. Sili zikichoka, au gasketi ya hedi ikikatika, maji yanashuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na oili inakuwa hivyo unavyoiona. Hedi ni ya aluminiamu, ikichemka inapinda, ipeleke ikasawazishwe. Kisha upime kimo cha kila slivu juu ya bloku kabla ya kufunga. Hiyo injini iko wapi sasa?

Babu wa Mpwapwa: Nimesoma "404" machozi yakanilenga. Gari hili lilichukua mashindano ya magari ya Safari mwaka 1963, halafu 1966, 1967 na 1968 mfululizo! Ile ya 1966 na ya 1967 aliendesha Bert Shankland, dereva wa hapa hapa Tanzania. Tulikuwa watoto. Kaka yangu alichora 404 kwa mkaa kwenye ukuta wa bibi uliopakwa chokaa juzi yake, tukachapwa wote, hata mimi niliyekuwa natazama tu. Injini ile ina sentimita za ujazo 1618, imelala upande, nasikia sauti yake mpaka leo.

Mzawa wa Nkuhungu: Asante mzee wangu. Fundi, injini iko salama.

Fundi wa Kizota: Salama wapi? Na kadi ya gari ina jina la nani?

Mzabibu: Mbona amenyamaza?

Mzawa wa Nkuhungu: Sawa, nasema. Gari ni la marehemu baba, huu ni mwaka wa pili. Kadi ina jina lake, mirathi hatujafungua. Dada yangu mkubwa yuko Kondoa, anataka gari libaki kama baba alivyoliacha. Injini nimempa mwenye 4Y iwe nusu ya malipo. Lakini wakuu, nieleweni. Gari kulala chini ya mwarobaini ndiyo kumheshimu baba? Mimi ndiye niliyekuwa namshikia tochi akilitengeneza. Nataka litembee.

Mama wa Ntyuka: Mwanangu, mali ya marehemu huigusi mpaka msimamizi ateuliwe na mahakama. Mjomba wetu alivuna zabibu za shamba la mirathi kabla ya kikao. Hadi leo kwenye harusi zetu upande mmoja wa ukoo hauji. Na namba ya injini imeandikwa kwenye kadi. Ukibadili injini lazima TRA wajue. Nani atasaini?

Bajaji ya Majengo: Mnanyweshwa chai hapa. 404 haina propela ya wazi, inazunguka ndani ya bomba lililofungwa kutoka gia boksi mpaka kwenye difu ya ekseli ya nyuma. Mtu anayelala chini ya gari kila Jumamosi angelijua hilo siku ya kwanza. Hakuna gari, hakuna dada.

Mzabibu: Ndiyo maana picha hakuna!

Mzawa wa Nkuhungu: Bomba nalijua. Niliuliza propela kwa sababu bomba tumeshalikata, Jumapili iliyopita. Grainda nilishika mwenyewe. Ndicho kinachoninyima usingizi.

Fundi wa Kizota: Pole sana. Sasa sikiliza, usikate kingine. Bomba lile ndilo linaloshika ekseli isijiviringishe unapokanyaga mafuta. Ukifunga propela ya wazi bila bomba, itabidi ulete na ekseli ya Toyota, na mikono yake, na vishikio vya injini vipya. Utabaki na mabati ya baba tu. Kesho asubuhi kakomboe injini kabla hawajaifungua. Bomba tafuta lingine. La kuchomelea likipinda kidogo tu gari zima linatetemeka.

Bajaji ya Majengo: Basi nimekuelewa, mkuu. Kongwa, nyuma ya nyumba ya shemeji yangu, kuna 404 iliyokufa, kuku wanataga ndani. Nitamwomba apige picha ya chini.

Mama wa Ntyuka: Na dada?

Mzawa wa Nkuhungu: Nimempigia sasa hivi. Nimemwambia yote, hata grainda. Amekaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika, kisha akauliza kama honi bado inalia. Betri imelala muda mrefu. Naenda kuomba ya jirani nijaribu.